Kati ya 9 na 10

Swali la wiki liliuliza kama kampuni za kupima ubora wa kadi za kukusanya, kama zile za besiboli na za mchezo wa Pokémon, zimebadilisha namna watu wanavyokusanya, au zimeongeza kasha la plastiki tu. Zimebadilisha sana, na badiliko lenyewe limejibanza mahali padogo: kati ya daraja la 9 na daraja la 10.

Kwa asiyeijua kazi hii, mkusanyaji hutuma kadi yake, wapimaji wakakagua kama ni halisi na kama haikuchezewa, wakaipa daraja la 1 hadi 10, kisha wakaifungia ndani ya kasha gumu lenye lebo na namba ya utambulisho. Kampuni ya PSA ya Marekani ilianza kupima mwaka 1991. Kampuni nyingine, SGC, Beckett na CGC, zikafuata. Faida yake ya kwanza haina ubishi. Kabla ya hapo, "safi kabisa" ya muuzaji ilikuwa na maana aliyoitaka muuzaji. Daraja lilimwezesha mtu aliye mbali kulipia kadi ambayo hajaishika. Ila soko likishazoea kununua namba, watu nao huanza kukusanya namba.

Iweke kadi ya 9 na ya 10 mezani bila makasha, wengi hawatazitofautisha. Bei, hata hivyo, huweza kupishana mara mbili, mara tano, au zaidi. Kinachoangaliwa ni picha kukaa katikati, pembe, kingo na uso. Hilo la kwanza ndilo linalopimika kwa rula, na huangusha hata kadi ambazo hazijawahi kuguswa. PSA siku hizi hutaka kadi ya 10 iwe ndani ya 55/45 hivi upande wa mbele, yaani pambizo moja isizidi asilimia 55 ya jumla ya pambizo mbili zinazotazamana. Awali ilivumilia 60/40. Chukua kadi ambayo pambizo ya kushoto na ya kulia kwa jumla ni milimita 6. Kwa 55/45, upande mmoja una milimita 3.3 na mwingine 2.7. Kwa 60/40 ni 3.6 na 2.4. Tofauti ni milimita 0.3, karibu sawa na unene wa kadi moja ya Pokémon. Kisu cha kiwandani kikihama zaidi ya kiasi hicho kutoka katikati, kadi imeshahukumiwa kabla pakiti haijafunguliwa.

Ukipima, usiilaze rula juu ya kadi. Chuma huacha mkwaruzo. Iingize kwanza kwenye mfuko laini wa plastiki, au ipige picha kutoka juu kabisa upime kwenye picha. Pembe na kingo zikague kwa lenzi ya kukuza mara 10. Uso unahitaji taa moja tu, itoke ubavuni, huku kadi ikiinamishwa polepole: mistari ya uchapaji na vibonyeo ambavyo mwanga wa dari huvificha hujitokeza hapo. Kibonyeo ndicho kinachopuuzwa kuliko vyote, maana rangi haijatoka na jicho halina cha kushika. Daraja hushuka vibaya na mwenye kadi hubaki akilalamika kuwa ameonewa.

Upimaji pia umebadilisha kadi zipi zinatafutwa. Toleo la kadi za besiboli la kampuni ya Topps la 1971 lina pambizo nyeusi, na kila chembe ya wino inayobanduka hapo huacha doa jeupe. Zile zenye daraja la juu ni adimu ingawa zilichapwa nyingi. Kinyume chake ni kadi ya mchezaji wa besiboli Ken Griffey Jr. ya kampuni ya Upper Deck ya 1989, ambayo watu waliihifadhi vizuri tangu siku ya kwanza. PSA pekee imeipa 10 zaidi ya mara 4,000. Ni kadi nzuri, lakini 10 yake si adimu hata kidogo. Mkusanyaji wa leo huanza na orodha za kampuni zinazoonyesha ni kadi ngapi zimepata daraja gani, ndipo aangalie picha. Orodha hizo zinafaa, ila zina mtego wake. Watu huvunja makasha ya 9 na kuzituma upya wakitarajia 10, na lebo ya zamani isiporudishwa, kadi moja huhesabiwa mara mbili au tatu. Isitoshe, kwa kadi za karibuni idadi hiyo huendelea kupanda, hivyo "adimu" ya mwaka huu yaweza kuwa ya kawaida mwaka ujao.

Hesabu ndiyo sehemu inayorukwa. Tuseme kadi isiyopimwa ina thamani ya dola 40, na ada pamoja na posta ni dola 30. Ikipata 10 inauzwa 160, ikipata 9 inauzwa 55, ikipata 8 inauzwa 30. Umetuma kadi kumi: tatu zimepata 10, tano 9, mbili 8. Mauzo ni 815. Ondoa asilimia 13 inayokatwa na soko unapouzia, zinabaki 709. Gharama ilikuwa 700. Umefanya kazi ya miezi kwa faida ya 9. Kadi moja tu kati ya zile tatu ikiteleza hadi 9, umepata hasara ya zaidi ya 80. Machi 2021 PSA ilisimamisha kwa muda huduma zake nyingi kwa kuwa kadi zilikuwa zimerundikana kupita uwezo wake, na kwa maoni yangu sehemu kubwa ya rundo hilo haikupaswa kutumwa kabisa.

Ukiamua kutuma, ifute kwa kitambaa kikavu cha nyuzi laini, bila maji wala dawa, kisha kadi ndani ya mfuko mpya, na mfuko ndani ya kishikizo chenye kunyumbulika kiasi. Kile kigumu cha kawaida hubana, na pembe huumia wakati wa kuitoa. Kwenye fomu andika mwaka, toleo na namba ya kadi kama zilivyo, kwa sababu matoleo yanayofanana huchanganywa kirahisi.

Pengo la bei huzaa pia ulaghai. Kadi ya kwanza kabisa kupimwa na PSA ilikuwa ya mchezaji wa besiboli wa zamani Honus Wagner, ya toleo liitwalo T206, ikapewa 8. Mwaka 2007 iliuzwa dola milioni 2.8. Mwaka 2013 Bill Mastro, aliyekuwa dalali mkubwa wa minada, alikiri kuwa alikuwa ameikata kingo. Kukata huondoa ukingo uliochakaa na kuacha pembe kali. Wapimaji hulinganisha vipimo na namna ukingo ulivyokatwa, lakini kadi za zamani hazikuwa na ukubwa mmoja hata zilipotoka kiwandani, kwa hiyo hata kadi safi wakati mwingine hurudishwa kwa kuwa ndogo mno.

Makasha yenyewe pia hughushiwa. Kuingiza namba ya lebo kwenye tovuti ya kampuni hakutoshi, kwani mghushi hunakili namba halisi. Linganisha kadi iliyo mkononi na picha ya kampuni kama ipo, alama kwa alama: pambizo, kitone cha wino, pembe iliyolegea. Kisha chunguza maungio ya kasha; gundi au ukungu mweupe ukingoni ni dalili kuwa limefunguliwa.

Kwa kadi za zamani ningemshauri mtu afunike lebo kwa kidole kabla ya kuuliza bei. Kadi ya 4 yenye mkunjo mwembamba mgongoni, picha ikiwa katikati na rangi zikiwa bado zimekolea, hupendeza rafuni kuliko ya 6 ambayo picha yake imeegemea upande, na mara nyingi ndiyo ya bei nafuu.