Kutu, magadi na chaja: kwa fundi anayeanza

Ukipita soko la Gikomba, Nairobi, utaona spana, randa na vaisi za zamani zimepangwa juu ya gunia, zimevaa kutu mpaka basi, na kwa sababu hiyo zinauzwa bei ya kutupa. Nunua. Mara nyingi chuma cha ndani bado ni kizima, na waweza kukifikia bila kukikwaruza kwa msasa: unazamisha kifaa kwenye maji ya magadi, unapitisha umeme wa chaja, na kutu inaachia.

Unahitaji ndoo ya plastiki, chaja ya betri ya gari ya volti 12, vipande vya nondo na magadi. Ni magadi yale yale ya kule Ziwa Magadi, Kajiado, ila chukua ya unga yaliyosafishwa. Mawe ghafi ya kuivishia maharagwe huja na chumvi ndani yake. Kijiko kikubwa kimoja kwa lita 4 za maji kinatosha. Chaja iwe ya kizamani, maana nyingi za kisasa hazitoi umeme zisipohisi betri.

Sasa hapa tulia. Waya mweusi, yaani hasi, unafungwa kwenye kifaa chenye kutu. Mwekundu unafungwa kwenye nondo. Chuma cha upande mwekundu ndicho kinacholiwa. Nilipoanza, nilifunga kinyume nikaenda kulala. Asubuhi nikatoa skrubu ya vaisi, nikapitisha ukucha kwenye meno yake: ncha zimelika, ubavuni kumechimbika vishimo. Vaisi ile haikukaza tena. Siku hizi kabla ya kuwasha nasema kwa sauti: mweusi kwa mgonjwa.

Chumvi usitie hata chembe, kwani upande mwekundu utatoa klorini, gesi ya sumu. Stenlesi isichukue nafasi ya nondo. Kromiamu yake huingia majini ikiwa sumu inayoleta saratani. Alumini nayo usiitumbukize, magadi yenyewe huila.

Nondo zizunguke kifaa bila kukigusa. Upande usiotazamana na nondo husafika polepole sana, kwa hiyo kigeuze mara kwa mara. Mapovu madogo yanayopanda kutoka kwenye kifaa ni haidrojeni, na cheche moja yaweza kuilipua. Fanyia kazi hii nje, mbali na jiko la makaa, na zima stima kabla ya kugusa kibano chochote. Springi na bolti za chuma kigumu ziache kabisa: haidrojeni hupenya ndani yake, zikaja kukatika ghafla zikibeba mzigo.

Baada ya saa kadhaa, au usiku mzima kwa kutu nene, kifaa kitatoka cheusi kama sufuria ya kuni. Usivunjike moyo. Sugua kwa brashi chini ya maji na weusi utaondoka kama masizi. Lakini chuma hicho kiko uchi: msimu wa mvua za Aprili nimeona rangi ya chungwa ikirudi kabla sijamaliza kikombe cha chai. Kikaushe kwa kitambaa, kianike kidogo juani, kisha kipake mafuta ya mashine hata kabla hujanawa mikono.