Mtoto Akichechemea, Uliza Habari za Choo

Wenzangu mnaoanza kazi katika kliniki za watoto hapa Nairobi, nawaandikia kwa sababu ya kaptula moja ya shule.

Mwaka wangu wa kwanza wa uuguzi, mama mmoja wa Kayole alimleta mwanawe wa miaka 11, goti limevimba. Wote tuliamini ameumia mpirani. Ziara ya tatu, mama akiwa ameshashika kitasa cha mlango, akasema mtoto huamka usiku kwenda haja, na kwamba ameshatibiwa amiba mara nne. Hapo ndipo nikaiona ile kaptula: alinunuliwa akiwa darasa la nne, sasa yuko la sita, na bado inamtosha. Mtoto alikuwa haongezeki. Alikuwa na ugonjwa wa Crohn, na goti lilikuwa limetangulia kutuambia.

Magonjwa ya uvimbe wa utumbo, yaani Crohn na kolaitisi ya vidonda, hayabaki tumboni. Nje ya utumbo, viungo ndivyo huguswa zaidi, na pengine huanza kuuma miezi au hata miaka kabla ya kuhara. Kwa hiyo mtoto anayechechemea muulize choo: mara ngapi, kuna damu, kinamwamsha usiku? Na mwenye ugonjwa wa utumbo muulize asubuhi yake ikoje.

Asubuhi inasema mengi. Goti au kifundo cha mguu kikivimba wakati tumbo limechafuka, mara nyingi tumbo likitulia nacho hutulia, na kwa kawaida hakiachi kilema. Mgongo na makalio ni habari nyingine. Mtoto anayeamka amekakamaa kama mzee, kisha akanyooka baada ya kutembeatembea, huenda ana uvimbe pale uti wa mgongo unapokutana na nyonga, na huo hausubiri tumbo. Utumbo unaweza kuwa shwari na mgongo ukaendelea kuharibika. Usimwambie mama kwamba ni maumivu ya kukua.

Jina letu la baridi yabisi nalo hupotosha. Mwezi wa Julai utawaona watoto wamevikwa sweta mbili na soksi nzito, shosho akiwa ameshaamua kwamba ni baridi ya Nairobi. Msikilize kwa heshima, kisha mweleze taratibu kwamba ni kinga ya mwili inayoshambulia mwili wenyewe.

Sasa dawa za maumivu, na hapa nawasihi. Ibuprofeni na diklofenaki hupatikana kwa kemisti yeyote mtaani, na mzazi anayemwona mtoto akilia atanunua. Dawa hizo zinaweza kuuwasha utumbo upya. Usiulize tu, "Anatumia dawa gani?" Mwombe mama atoe kila kilichomo mkobani, vikiwemo vidonge vilivyofungwa kwenye karatasi. Kwa maumivu, parasetamoli ndiyo salama zaidi. Ibuprofeni aamue daktari wa utumbo, si mimi wala wewe. Mtoto aliyetumia steroidi, dawa kali za kutuliza uvimbe, akilalamika nyonga, asirudishwe nyumbani bila kuchunguzwa, kwani mfupa wa pale unaweza kukosa damu na kufa.

Kiungo kimoja chenye moto, homa, na mtoto hawezi kukanyaga: mwite daktari saa hiyo hiyo. Usaha ndani ya kiungo haungoji foleni, hasa kwa mtoto anayetumia dawa za kupunguza kinga. Hapa kwetu pia kuna selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, na kifua kikuu cha mifupa, vyote vikimchechemesha mtoto vilevile. Kifua kikuu kitafutwe hata kabla ya kuanza infliksimabu au adalimumabu, dawa za kupunguza kinga zinazotibu magonjwa haya ya utumbo, maana dawa hizo huweza kukiamsha kilicholala. Na jicho jekundu linalouma lionwe na daktari wa macho, lisipewe matone ya kubahatisha.

Kuhusu kuuliza choo chenyewe: mtoto wa miaka 12 anayetumia choo kimoja na ploti nzima hatakwambia ukweli mbele ya watu, labda hata mbele ya mama yake. Vuta kiti karibu, shusha sauti. Mimi huanza hivi: "Je, shuleni huwa unaomba ruhusa ya kutoka darasani mara nyingi?" Hapo wengi huinamisha macho kwanza, halafu huanza kusema.