Kete ya mzigo

Swali lenu la wiki hii ni "Mchezo gani wa zamani unaumisi mpaka leo, na unamisi nini hasa?" Nimepitia majibu ya wenzangu, bao, drafti, karata, rede, kombolela, yote nayajua na yote nimecheza, lakini wa kwangu sijauona kwa mtu hata mmoja, kwaio naomba nafasi niueleze kwa urefu kidogo. Mi namisi gemu ya vita ya mezani inaitwa Afrika Korps, jina la jeshi la Wajerumani lililopigana jangwani Afrika Kaskazini vita ya pili ya dunia, gemu ya kampuni ya Avalon Hill ya Baltimore kule Marekani. Ilitoka mwaka 1964, mi nimekutana nayo 1984 kwenye besimenti ya nyumba ya mzee mmoja Mmarekani mweusi alienipangisha chumba nilipokua nasoma huko huko Baltimore, na tuliicheza karibu kila Jumamosi mpaka narudi nyumbani 1988.

Kwa ambae hajawahi kuiona, ipo hivi. Unafungua boksi, ndani kuna bodi ya kukunja yenye ramani ya jangwa, kuanzia El Agheila upande wa Libya mpaka huko Misri, bahari iko juu, na ramani nzima imegawanywa vyumba vya pembe sita vimebanana kama sega la nyuki. Kete ni vipande vya kadi ngumu, vidogo kabisa, unakishika kwa ncha za vidole viwili. Kila kete ni kikosi na imeandikwa namba zake, nguvu ya kushambulia, nguvu ya kujilinda, na inatembea vyumba vingapi kwa zamu. Mmoja anakua Mjerumani pamoja na Mtaliano, mwingine anakua Mwingereza na watu wake. Zamu moja ni nusu mwezi, mnaanza Aprili 1941 mnamaliza Oktoba 1942, zamu 38, na dadu ni moja tu.

Mkipambana sasa hamrushi dadu hivi hivi. Unajumlisha nguvu zako unagawanya kwa nguvu za mwenzio, unapata mbili kwa moja, au tatu kwa moja, alafu ndo unaangalia kwenye jedwali dadu yako inasemaje. Na sheria ni kwamba mabaki ya hesabu anapewa anaejilinda, yaani ukiwa na 11 na yeye ana 4 usijidanganye kwamba ni karibu tatu, ni mbili kwa moja basi, kwaio hio moja iliyopungua utaitafuta ramani nzima, unahesabu vyumba kwa kidole, unafika hapa unarudi unahesabu tena, labda kuna kikosi kidogo kule nyuma kinaweza kufika kwa kupita barabara ya pwani, na mzee wa watu amekaa kimya na kikombe chake cha kahawa wala hakuharakishi. Nilikua najisikia raha sana ile dakika unayoipata hio moja. Jedwali la aina hii lilianza na Charles Roberts, mtu wa Maryland huko huko, mwaka 1954 alitoa gemu yake ya kwanza, Tactics, akawa anaiuza kwa posta, na 1958 ndo ikaja Avalon Hill yenyewe. Mzee alikua anamuongelea Roberts kama sisi tunavyomuongelea fundi wa bao wa mtaani.

Lakini kilichonishika mimi sio vifaru. Ni kete ya mzigo.

Kuna kete ambazo hazina nguvu ya kupigana hata chembe, hizo ndo mafuta, chakula, maji na risasi vyote kwa pamoja. Kama hauna kete ya mzigo karibu haushambulii, uwe na vifaru vyote vya dunia hii. Na ukiutumia mzigo kushambulia ile kete inatolewa kwenye bodi, imeliwa, imeisha. Kikosi kilichokatiwa njia ya mzigo kikikaa hivyo muda nacho kinaondolewa, bila kurushiwa dadu. Alafu Mjerumani mzigo wake unavuka bahari, kwaio zamu zake anarusha dadu kujua meli imefika au imezamishwa, na kuna kipindi unarusha mara ya kwanza hola, mara ya pili hola, mara ya tatu hola, Rommel mwenyewe, jenerali wa Wajerumani, yupo pale na kete yake, ile inayowaongezea wenzake vyumba viwili vya mwendo, na hana pa kwenda.

Mara yangu ya kwanza kushika Wajerumani niliona nimeshashinda. Niliipita Tobruk, bandari ya Libya, nikaiacha nyuma yangu na Waingereza wake ndani, nikakimbilia Misri na vifaru vyote, nikawa nahesabu zamu ngapi mpaka Alexandria. Mzee hakusema kitu. Zamu yake ilipofika akatoa kikosi kimoja kidogo ndani ya Tobruk, akakitembeza polepole mpaka kwenye kete yangu ya mzigo niliyoiacha barabarani peke yake, akaichukua. Wale vifaru wangu wote wa mbele wakawa wamesimama tu. Nilinyamaza muda mrefu sana, mpaka akadhani nimekasirika akaniuliza kama nataka tuirudie ile zamu. Nikamwambia hapana mzee, nimemkumbuka babu yangu.

Babu yangu mzaa mama alikua Keya, yaani askari wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza la huku Afrika Mashariki. Mtu wa Tabora, alichukuliwa vita ya pili akaenda Burma na ile Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, mwaka 1944, bonde la Kabaw, wakati wa mvua za kule ambazo babu alisema masika ya kwetu ni manyunyu. Sisi wajukuu tulikua tunamkalia miguuni, "babu, ulipiga Wajapani wangapi?", na yeye siku zote, siku zote, anatuambia habari ya magunia. Kwamba barabara ilikua tope mpaka kiunoni, magari yamekwama, kwaio chakula kinadondoshwa na ndege, ndege inapita chini kwa chini magunia yanaanguka, mengine kwenye miti, mengine ng'ambo ya mto, na kazi yao inakua ni kuyafata, na gunia likipasuka unga wanauchota pamoja na tope lake. Alikua anaijua sauti ya ndege ya mzigo akiwa usingizini. Hapo sisi tunachoka, tunaona babu anatuficha, vita gani hio ya magunia, na tunainuka mmoja mmoja tunaenda kucheza. Mwisho anabaki anamsimulia bibi, na bibi ameshaisikia mara mia anaitikia tu "ehee" huku anachambua mchele.

Alifariki 1979. Na mi nimekuja kumuelewa miaka mitano baadae, kwenye besimenti ya Baltimore, kwa sababu ya kipande cha kadi. Babu hakua anatuficha kitu, vita yenyewe ndo ilikua ile aliyokua anatusimulia.

Basi nikamsimulia mzee habari hio yote, mpaka unga na tope. Akasikiliza, alafu akasema na yeye alikua dereva. Miezi yote ile nilikua sijawahi kumsikia akitaja vita yake. Alikua Ufaransa 1944, kwenye ile njia ya malori waliyoiita Red Ball Express, ilianza mwisho wa Agosti ikaisha Novemba, malori yanatoka Normandy yanayafata majeshi yaliyokua yanakimbia mbele kuliko mafuta yao, usiku na mchana, na kama robo tatu ya madereva walikua weusi kwa sababu jeshi la Marekani lilikua bado limetenganisha watu kwa rangi na watu weusi wengi waliwekwa kwenye kazi za mizigo. Ndo nikajua kwa nini kati ya gemu zote alizokua nazo, na alikua nazo nyingi, alikua anairudia hii. Aliniambia gemu nyingi za kwanza vikosi vinatembea tu kama havili.

Kuna wengine walikuja kuizidisha hio ishu. Kampuni ya SPI ilitoa gemu ya vita hio hio ya jangwani mwaka 1979, The Campaign for North Africa, mpaka maji ya kuchemshia tambi za Wataliano wamekuwekea uyahesabu. Mzee aliinunua, tukaifungua mara moja, tukasoma sheria Jumamosi mbili, tukairudisha kwenye boksi. Mi naona Afrika Korps ilipatia. Kete moja, ipo au haipo.

Sasa mmeuliza unamisi nini hasa. Namisi ile meza. Gemu moja ilikua inatuchukua Jumamosi tatu nne, kwaio kete zinabaki pale pale wiki nzima, mzee anafunika na shuka safi taratibu, na nyumba nzima inajua hakuna kugusa, wajukuu zake wakija wanapita mbali na ile meza kama wanapita msikitini watu wakiwa wanaswali. We uko darasani Jumanne unasikiliza mhadhara alafu unaikumbuka ile kete pale kusini ya Tobruk, unaanza kuhesabu vyumba kichwani. Namisi na ubishi wa sheria. Kikitokea kitu hatukielewi mzee anavaa miwani anasoma kitabu cha sheria kwa sauti, sentensi moja mara tatu, mi nasema inamaanisha hivi, yeye anasema hapana, soma hapa, na hatuendelei mpaka tukubaliane wote wawili. Hakuna mwamuzi, mko nyie wawili na karatasi. Gemu za kompyuta nimejaribu, wanangu waliniwekea, lakini kompyuta inapiga hesabu yenyewe inakupa jibu, haikuachii nafasi ya kubishana na mtu unaemuheshimu.

Siku naondoka akanipa boksi jipya, Afrika Korps ile ile, bado lina nailoni yake. Akasema tutaendelea kwa barua. Kule kucheza kwa posta ilikua kitu cha kawaida kabisa, kila chumba kwenye ramani kina herufi na namba yake kwaio unaandika kikosi fulani kimetoka hapa kimekwenda pale, na dadu walikua wanatumia magazeti, mnakubaliana tarehe ya mbele na hisa za makampuni fulani, mnasubiri soko la hisa lifungwe, tarakimu za mwisho za mauzo ya siku hio ndo dadu yenu, hakuna anaeweza kudanganya. Sasa mimi Dar ya 1988 gazeti lenye soko la hisa la New York nalitoa wapi. Kwaio dadu alikua anarusha yeye peke yake, kule kwake, mashambulizi yake na yangu, ananiandikia matokeo. Kuna barua aliandika "Umepata sita, samahani sana, nimeirusha mbele ya mke wangu ashuhudie." Sikuwahi kumtilia shaka hata mara moja.

Barua ilikua inachukua wiki mbili, saa nyingine tatu. Nilikua nikitoka posta nayo mkononi napita pale kwenye Sanamu ya Askari, na siku moja ndo nikasimama nikasoma yale maandishi ya Kiswahili pale chini, mi niliekulia hapa hapa mjini nilikua sijawahi kuyasoma. Sanamu ni ya 1927, juu kuna askari na bunduki yake, lakini maandishi yanawataja na wapagazi, kwamba walikua miguu na mikono ya jeshi. Na Kariakoo yetu, tunaitaja kila siku tukienda kununua nyanya na vitenge, jina limetoka kwa hao hao, Carrier Corps, wapagazi wa vita ya kwanza. Nikamuandikia mzee habari hio kurasa nne, zamu yenyewe nikaiandika mistari miwili mwishoni. Akajibu kwamba barua amemsomea mkewe na wajukuu, na kwamba ameizungushia duara kete ya mzigo kwenye jedwali lake na ameandika pembeni "Kariakoo". Tangu hapo ndo tukawa tunaiita hivyo kwenye barua, Kariakoo moja imefika Benghazi, Kariakoo moja imezama.

Kwa mwendo huo tulicheza miaka miwili na kitu. Kisha mwaka 1991 ikaja barua kwa mwandiko mwingine, binti yake, anasema macho ya baba hayawezi tena kusoma namba za kete, amejaribu na lenzi ya kukuzia ameshindwa, na anaomba radhi kwa kuchelewa. Tuliendelea kuandikiana salamu mpaka alipofariki. Mwaka 1998 Avalon Hill nayo ikauzwa kwa Hasbro, kampuni kubwa ya michezo ya Marekani, nilisoma mahali nikasikia vibaya kwa ajili yake kuliko kwa ajili yangu.

Boksi ninalo. Na ninalo daftari nililokua naandika kila kikosi kiko wapi kila barua ikifika, limeandikwa vizuri, naweza kuipanga ile gemu leo hii vile vile ilivyosimama. Kwaio kama kuna msomaji hapa Dar aliewahi kuicheza hii kitu, au hajawahi ila ana uvumilivu wa kuhesabu vyumba kwa kidole, jibuni hapa hapa gazetini. Jumamosi nipo, meza ninayo na shuka la kufunikia ninalo. Mimi nina Waingereza, wamo ndani ya Tobruk. Ni Januari 1942, Mjerumani ana Kariakoo mbili, moja iko barabarani peke yake, na zamu ni ya Mjerumani.