Kuuza nyumba Mbeya, kwa dalali au mwenyewe? Mi nimejaribu kote

Mwezi huu watu wawili wameniuliza swali hili, mmoja shemeji yangu na mwingine mteja wangu wa pale Kabwe ninaposhona, kwahiyo naandika mara moja ili anayefuata nimtumie linki tu nisianze upya.

Nimeshauza nyumba mbili zetu na mume wangu, na ya tatu nilimsimamia dada yangu. Ya kwanza ilikuwa Ilomba mwaka 2017, tulimpa dalali. Ya pili Isyesye 2022, tukauza wenyewe. Ya dada ilikuwa Uyole 2024, pale tukachanganya. Na kote nimepoteza hela kwa namna fulani ila sio kwa njia ambayo watu huwa wanaiogopa. Wengi wanaogopa asilimia ya dalali. Mi naona asilimia ndo hasara ndogo kuliko zote, hasara kubwa inatoka kwenye kutojua bei, wewe mwenyewe mwenye nyumba hujui nyumba yako inauzwaje mtaani na mwenzako anajua.

Nianze na Ilomba. Mume wangu alihamishiwa Iringa kikazi tukahama na watoto, ufunguo tukamwachia jirani. Ukikaa Iringa huwezi kuuza nyumba iliyoko Mbeya mwenyewe, labda uwe huna kazi. Unapanda basi asubuhi, Mafinga, Makambako, Igawa, Chimala, kukiwa na lori limelala barabarani ndo basi tena unaingia Uyole jioni, alafu unampigia yule mteja aliyesema "njoo leo nina hela" simu haipokelewi. Nilifanya hivyo mara mbili nikachoka. Tukampata kijana mmoja dalali wa kijiwe cha Mama John, mcheshi, anajua kila mtu, tukamwambia kwa simu: sisi tunataka milioni 45 mkononi, kinachozidi utajua mwenyewe.

Hiyo sentensi ifute kabisa kichwani kwako kabla hujaongea na dalali yeyote.

Wiki sita nyumba ikauzwa. Tukasaini kwa wakili, mkataba umeandikwa milioni 45, hela ikaingia benki, na kijana tukamtoa laki tano ya soda kwa sababu tuliona katusaidia sana na hajatudai hata asilimia. Tukarudi Iringa tunamsifia. Miezi kama minne mbele yule mnunuzi kanipigia kuhusu deni la bili ya maji la zamani, katika kulalamika akasema "dada yangu, kwa milioni 52 niliyotoa na bado nalipa madeni yenu?" Nikanyamaza. Yaani milioni saba ilipita juu ya vichwa vyetu, na mi nikaongezea laki tano kwa mkono wangu!

Nilikasirika wiki nzima ila nikija kufikiria sasa hivi sina pa kumshitaki, ruhusa tulimpa wenyewe kwa mdomo wetu. Cha juu, yaani hela dalali anayoongeza juu ya bei yako, sio wizi kama umemwambia kinachozidi ni chake. Na aliyeumia zaidi kimyakimya ni yule mnunuzi, maana mkataba wake unasema 45 wakati kalipa 52, siku akiuza faida yake TRA wataihesabu kuanzia 45. Hilo madalali hawamwambii mtu.

Kwahiyo tuliporudi Mbeya na tukaamua kuuza ya Isyesye ili tumalizie fremu zetu za biashara, nikasema sitaki kumuona dalali hata kwa mbali. Nikapiga picha mwenyewe, nikaweka Facebook kwenye magrupu ya Mbeya na status ya WhatsApp, nikaandika "haina dalali, mmiliki mwenyewe, maongezi yapo". Kosa la kwanza, picha nilipiga mwezi wa sita asubuhi, na nyie mnaijua Mbeya ya mwezi wa sita, ukungu umeshuka nyumba inaonekana kama ipo ndani ya moshi. Nikarudia saa nane mchana jua likiwa limewaka, simu zikaanza kuingia.

Nani anapiga sasa? Nusu ni madalali wanajifanya wanunuzi. Utawajua, anauliza "bei ya mwisho ngapi" kabla hajauliza nyumba ina vyumba vingapi, na kesho yake picha zako unaziona kwenye grupu lingine bei imeongezwa milioni kumi. Wengine ni majirani wa mtaa wa pili wanataka tu kujua nyumba yako inauzwa bei gani ili wapange za kwao. Wanunuzi wa kweli niliowapata miezi yote ile nawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na karibu wote walikuja na dalali wao kwapani, kwahiyo ile "haina dalali" yangu ilikuwa ni maandishi tu.

Alafu bei. Mi nilipanga milioni 85. Ukiniuliza niliipataje nitakwambia nilijumlisha mabati, nondo, saruji, fundi, kiwanja, na uchungu wangu wa kubeba maji kichwani siku za ujenzi. Mnunuzi hanunui uchungu. Mwezi wa kwanza tu alikuja mama mmoja mfanyabiashara wa mchele akatoa 72 taslimu, nikamjibu kwa nyodo kabisa kwamba kwa 72 bora ikae. Ikakaa kweli. Miezi minane. Mzee mmoja dalali wa zamani aliyekuja na mteja mwingine akaniambia polepole pembeni, "Mama, mwanangu, nyumba hii ni ya 70, usidanganywe na mabati." Nilimuona mbaya wangu. Mwisho nikauza 68, tena baada ya kulipia walinzi na kupaka rangi upya kwa sababu mvua zilichafua ukuta.

Sasa piga hesabu, ule mwezi wa kwanza ningekuwa na dalali mkweli nikampa hata asilimia tano ya 72 ni milioni tatu na laki sita, ningebaki na 68.4 na ningemaliza fremu zangu mapema. Badala yake nilipata 68 ile ile kasoro, na miezi minane ya kujibu simu usiku. Ndo nasema asilimia sio adui.

Faida ya kuuza mwenyewe ipo lakini, nisionekane napiga debe. Mkataba ulikuwa wa kweli, kilichoandikwa ndo kilicholipwa, na nilimjua mnunuzi kwa sura mpaka leo tunasalimiana. Na nilijifunza karatasi, ambazo kule Ilomba zote alishughulikia mtu mwingine.

Kwenye karatasi nikae kidogo maana ndo watu wanaliwa. Alikuja kijana kavaa vizuri, anasema benki wanamtaka apeleke hati halisi ndo wampe mkopo, aondoke nayo siku mbili tu. Mdomo ulikuwa mtamu huyo, nusura nimpe, mume wangu ndo akagoma. Anayetaka kuhakiki hati yako hahitaji kuondoka nayo, mpe namba ya kiwanja na kitalu, au kopi, akafanye sachi ofisi ya ardhi, wao ndo watamwambia mmiliki ni nani na kama kuna mkopo au zuio lolote. Na hati usiipige picha ukaitupa WhatsApp. Mnadhani yale maandishi ya "nyumba hii haiuzwi, ogopa matapeli" ukutani watu wanaandika kwa kupenda kuchafua rangi?

Lingine, ndoa. Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema nyumba ya familia huwezi kuiuza bila ridhaa ya mwenzako, hata kama hati ina jina lako peke yako. Wakili wetu alimtaka mume wangu asaini karatasi ya ridhaa mbele yake. Kuna watu wanaficha, wanauza mwenzao akiwa safari, alafu kesi inakuja kuwala wote na mnunuzi. Na kama ni nyumba ya urithi, usianze hata kupiga picha kabla hamjaenda mahakamani kumteua msimamizi wa mirathi, maana anayeuza kihalali ni yule, sio kaka mkubwa kwa sababu ni kaka mkubwa.

Kodi sasa. Kuna ushuru wa stempu ambao ni kama asilimia 1 ya thamani, na kuna kodi ya faida ya mtaji, asilimia 10 ya faida kwa mkazi, hii ni ya muuzaji hata kama kuna watu wanapatana mnunuzi abebe. Tunzeni risiti za ujenzi jamani, kila risiti ya saruji inapunguza faida, mi zangu nusu zililiwa na panya kwenye boksi. Sheria ya kodi ya mapato ya 2004 iliweka nafuu kwa nyumba uliyoishi mwenyewe miaka mitatu au zaidi kama faida haizidi milioni 15, kaulizeni TRA kwanza kabla ya kupanga bei msije mkashtuka mwishoni. Na kodi ya pango la ardhi iwe imelipwa, mnunuzi makini ataiuliza siku ya kwanza.

Hela ipite benki. Nyie wawili mwende tawini, uione imeingia kwenye akaunti yako ndo usaini, meseji ya simu inaweza kutengenezwa na mtoto wa sekondari. Kishika uchumba, ile hela ya kutanguliza, nacho kiandikwe, ni kiasi gani, asipomaliza ifikapo tarehe fulani inakuwaje.

Haya, ya dada yangu Uyole. Yeye yuko Dar, mi nikamsimamia, na safari hii nilikuwa na akili za maumivu. Kabla ya kutangaza nikamtafuta mthamini aliyesajiliwa nikamlipa anipe bei, maana ndo kitu ambacho sikuwa nacho mara zote mbili. Alafu nikaenda kijiweni na karatasi moja nimeiandika kwa mkono: asilimia 3 ya bei itakayoandikwa kwenye mkataba, hakuna cha juu, mi nakutana na mnunuzi kabla bei haijaongelewa, siku sitini, na niko huru kuuza mwenyewe mteja akija kwangu. Wa kwanza alisoma akacheka, "mama hiyo karatasi mjini hapa haipo." Wa pili akasema atafikiria, hajarudi mpaka leo. Wa tatu, mwanaume wa makamo ambaye haongei sana, akauliza swali moja tu: utanilipa lini? Nikamwambia siku ile ile hela ikiingia, pale pale benki. Akasaini.

Maswali ya wanunuzi wa Uyole yalikuwa tofauti na ya Isyesye. Kwa sababu ya ile barabara ya njia nne kutoka Nsalaga mpaka Ifisi, kilomita 29, kila anayekuja anaanza kuangalia kama kuna X ukutani, ile alama ya kubomolewa. Mmoja alikuja na futi kamba kabisa akapima, maana hifadhi ya barabara kuu ni mita 30 kila upande kutoka katikati, ilikuwa 22.5 kabla ya sheria ya 2007. Na tangu maporomoko ya tope ya Itezi Aprili 2024 wanauliza mlima uko wapi na maji ya mvua yanapita wapi. Yule dalali alikuwa na majibu yote, alishazunguka na kiwanja chetu kabla hajamleta mtu. Hapo ndo nikaona kazi ya dalali mzuri, sio kuleta watu, ni kuleta mtu mmoja mwenye hela kwa wakati wake.

Maana hela ya huku kwetu ina msimu wake. Wa Kyela na Mbarali wakishavuna mpunga ndo wanaulizia nyumba mjini, mwezi wa kwanza kila mtu anatafuta ada hata umpe nyumba bure ataomba alipe kidogokidogo. Alafu kuna watu wa Tunduma, wanafanya biashara mpakani wanataka nyumba Mbeya kwa ajili ya watoto kusoma, hao hawapo kwenye magrupu ya Facebook, ni madalali ndo wana namba zao. Aliyenunua ya dada ni wa Tunduma. Wiki tano tu, bei chini ya ya mthamini kwa milioni mbili, na dalali nikamlipa benki mlemle mwenye nyumba mpya akiona kila kitu.

Kwahiyo shemeji, kwa vile wewe unaishi palepale Forest na umestaafu, muda unao, jaribu mwenyewe miezi miwili ila na bei ya mthamini mkononi, sio ya mabati. Wewe mteja wangu, kwa vile sasa uko Songea mbali na nyumba, tafuta dalali na uniombe ile karatasi nikupe kopi.

Yule kijana wa Mama John bado ana namba yangu. Wiki iliyopita kanipigia, ana kiwanja Iwambi kizuri sana, anasema mwenyewe anataka 12 mkononi. Nikamuuliza, na wewe unataka ngapi? Akacheka mpaka simu ikakatika.