Maswali ya Wasomaji: Programu ya Mizani Yakataa Kufunguka Baada ya Kuhamia Linux

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni karani wa kikundi cha wafugaji nyuki hapa Tabora. Asali inayoletwa kutoka Sikonge tunaipima kwa mizani ya kielektroniki iliyounganishwa na kompyuta kwa kebo ya USB, na programu inayosoma uzito na kutoa stakabadhi ya mfugaji tuliinunua enzi za Windows XP. Kompyuta yetu ina RAM ya GB 4 na ilikuwa na Windows 10. Fundi alituhamishia Ubuntu, ambayo ni aina ya Linux, kwa kuwa mashine haikubali Windows 11. Sasa tukibofya faili la programu ile, lenye mwisho wa .exe, halifunguki. Fundi huyo anasema tuweke Wine. Mwingine anasema bila Windows halisi tunajisumbua. Tumsikilize nani? – Karani, Ipuli, Tabora.

JIBU: Ndugu Karani, anza na fundi wa kwanza, lakini usimfukuze wa pili.

Prosesa ya kompyuta yenu ni ileile iliyokuwa ikiiendesha programu hiyo chini ya Windows, kwa hiyo maagizo yaliyomo ndani ya faili bado inayaelewa. Kinachokosekana ni huduma. Programu inapotaka kufungua dirisha, kusoma faili au kuchapa stakabadhi, haifanyi kazi hiyo yenyewe, bali huiomba Windows kwa majina na utaratibu wa Windows, na Linux haiyatambui maombi hayo, kama ambavyo haiutambui mpangilio wa faili la .exe lenyewe. Wine, programu iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, hulipakia faili hilo, huyapokea maombi yake na kuyatimiza kwa huduma za Linux, huku programu yenu ikiamini kwamba ingali nyumbani. Mradi huo ulianza mwaka 1993, Alexandre Julliard akauongoza kuanzia 1994, na toleo la 1.0 likatoka Juni 2008. Programu za umri wa hiyo yenu ni miongoni mwa zile ambazo mradi huo umezishughulikia kwa muda mrefu. Tena zipo programu za zamani zaidi, za enzi za Windows 3.1, ambazo Windows ya biti 64 imezikataa kabisa lakini Wine huweza kuzifungua.

Kwa hiyo sitarajii shida kubwa katika kufungua dirisha. Shida naitarajia kwenye mizani.

Programu za aina hiyo huitafuta mizani kwenye tundu linaloitwa COM1 au COM2. Ubuntu haina majina hayo: kebo yenu ya USB ikichomekwa, kwa kawaida huonekana kama /dev/ttyUSB0. Wine huyapa matundu ya Linux majina ya COM yenyewe, ila huanza na matundu ya kawaida ya mashine, hata yale yasiyo na kitu, na kebo ya USB inaweza kuangukia namba ya mbali kama COM33, ambayo programu ya zamani haina hata nafasi ya kuichagua. Mwambie fundi afungue regedit ya Wine, yaani kihariri cha mipangilio yake, aende HKEY_LOCAL_MACHINE, Software, Wine, kisha Ports, aweke hapo jina COM1 lenye thamani /dev/ttyUSB0, halafu aizime Wine yote kwa amri ya wineserver -k kabla ya kujaribu tena. Jambo la pili, ambalo husahaulika zaidi, ni ruhusa: katika Ubuntu mtumiaji asiyekuwamo kwenye kundi la dialout hawezi kusoma tundu hilo, na akishaingizwa ni lazima atoke kwenye akaunti yake na kuingia upya. Mafundi wengi huilaumu Wine kwa kosa ambalo kwa kweli ni la ruhusa.

Printa ni jambo jepesi. Ikishafanya kazi ndani ya Ubuntu, Wine huiona. Kumbukumbu za wafugaji zinaweza kuwa zimehifadhiwa katika faili la Access (programu ya Microsoft ya kutunza kumbukumbu) lenye mwisho wa .mdb, kama programu nyingi za wakati ule zilivyofanya. Ikiwa hivyo, programu itadai vipande vya ziada vya Microsoft, ambavyo fundi ataviongeza kwa kutumia winetricks, programu saidizi ya Wine.

Fundi wa pili anapata haki yake mahali pamoja: ikiwa programu hufunguka tu pale kile kidude cha ulinzi cha USB kilichouzwa pamoja nayo kinapochomekwa. Kidude cha namna hiyo mara nyingi huhitaji dereva, yaani programu ya kukiendesha kifaa, linaloingia ndani kabisa ya Windows, na Wine haiendeshi madereva ya vifaa hivyo. Hapo njia iliyobaki ni kuweka Windows halisi ndani ya Linux kwa VirtualBox, programu inayounda kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta, na kukikabidhi kidude pamoja na mizani kwa Windows hiyo. Ieleweke kwamba itahitaji leseni yake, na kwa RAM ya GB 4 inayogawanywa baina ya mifumo miwili mtafanya kazi kwa kusubirisubiri. Windows 10 nayo ilifikia mwisho wa huduma ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo ningeitumia mtandao wake ukiwa umezimwa. Mizani haihitaji intaneti.

Kabla ya yote nakilini folda nzima ya programu, pamoja na faili za kumbukumbu, kwenye flashi mbili tofauti. Siku ya kwanza ya majaribio pimeni debe moja, muandike kwa mkono uzito unaoonekana kwenye kioo cha mizani, kisha mlinganishe na stakabadhi iliyochapwa. Programu ikifunguka vizuri lakini ikasoma kilo pungufu, mfugaji ndiye atakayeumia, na kwa muda huo ni heri kuandika stakabadhi kwa mkono.

SWALI: Nasikia Android ni Linux. Je, naweza kuweka Wine kwenye simu yangu na kuendesha programu ya Windows ya kuchora ramani za nyumba? – Mwanafunzi, Ujiji, Kigoma.

JIBU: Kwa Wine peke yake, hapana. Ni kweli kwamba Android imejengwa juu ya kiini cha Linux, lakini simu nyingi hutumia prosesa za ARM, wakati programu yako, kama zilivyo nyingi za Windows, imeandikwa kwa maagizo ya prosesa za x86. Ipo kazi ya pili ya kufasiri maagizo yenyewe, ambayo hufanywa na programu nyingine kama Box64, nayo hula nguvu na chaji. Michezo midogo watu huiendesha hivyo. Kwa kuchora ramani sikushauri: hata ikifunguka, utakuwa unatafuta kona ya ukuta kwa kidole kwenye kioo kisichozidi kiganja. Omba zamu kwenye kompyuta ya chuo.