MUULIZE FUNDI: Tofali linakwisha, saruji imebaki

SWALI: Fundi, shikamoo. Mimi na mume wangu tumepanga nyumba ya shamba huku Norfolk, Uingereza. Ni ya matofali mekundu, na juu ya mlango pamechongwa 1768. Upande wa kaskazini matofali yanamenyeka kama kitunguu. Asubuhi za baridi kali nafagia unga mwekundu chini ya ukuta. Saruji ya kwenye viungo, kati ya tofali na tofali, imesimama imara, tofali ndilo linalokwisha! Mwenye nyumba anataka kuongeza saruji. Pia, mbona matofali mengine ni meusi? Na ghorofani kuna dirisha limezibwa. Jirani anasema ni mambo ya kodi.
Mama Wawili, Norfolk

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hapo uliposema saruji imesimama na tofali linakwisha, umeshajijibu. Mwambie mwenye nyumba aweke mwiko chini.

Ukuta wa zama hizo hauna uwazi katikati kama wa siku hizi. Ni tofali tupu toka nje hadi ndani, limejengwa kwa chokaa. Mvua ikiingia, maji hutoka tena kupitia viungo, maana chokaa ni laini na hupitisha unyevu kuliko tofali. Ukiviziba kwa saruji, maji yanabaki ndani ya tofali, na usiku yanaganda. Maji yakiwa barafu huvimba kiasi cha asilimia 9, basi uso wa tofali unabanduka. Kiungo ndicho cha kufa. Hicho hubadilishwa; tofali la 1768 utalinunua wapi?

Nasema kwa uchungu. Nilitoka Unguja nikiijua chokaa ya Mji Mkongwe, ile ya mawe ya matumbawe, lakini kazi yangu ya kwanza huko Uingereza niliona haya kuonekana wa kizamani, nikapiga saruji. Baada ya baridi mbili niliitwa kuing'oa, kiungo kimoja kimoja, magoti kwenye matope. Chokaa ya Norfolk ilichomwa kwa chaki. Kazi ni ile ile.

Viungo vijazwe upya kwa chokaa, ila ngojeni baridi ipite, kwani chokaa mbichi ikipatwa na barafu hubomoka. Saruji itolewe kwa patasi na nyundo. Mashine ya kukatia inakula kingo za tofali. Na nyumba ya umri huo huenda imeandikishwa kuwa urithi, kwa hiyo mwenyewe aulize halmashauri kwanza.

Yale meusi ni matofali ambayo vichwa vyao, yaani ncha zake fupi, vilielekea moto wa kuni tanurini, vikapata ngozi ya kijivu kama kioo. Waashi waliyachagua kusudi. Tazama ukuta wa mbele: ubavu (upande mrefu), kichwa, ubavu, kichwa, mstari mzima, na madoa yake kama manyoya ya kanga. Mimi hapo husimama hata chai ikapoa.

Jirani huenda hajakosea: kodi ya madirisha ilianza 1696, ikafutwa 1851. Ila wengine walijenga dirisha bubu tangu mwanzo, ili mbele pawe sawa pande zote. Panda ghorofani utazame nyuma yake. Ukikuta dohani, dirisha hilo halijapata kupitisha mwanga hata siku moja.