Usitafsiri dodoso la kizunguzungu peke yako, nakuomba

Mkuu, weka kalamu chini kwanza. Umeuliza kama DHI (Dizziness Handicap Inventory), lile dodoso la Kiingereza, inafaa kupima kizunguzungu kinavyovuruga maisha ya mgonjwa, uchukue wagonjwa wangapi, na uchambue kwa programu gani. Halafu ukadokeza, kama jambo dogo, kwamba utaitafsiri mwenyewe wikiendi hii. Hapo ndipo nilipozama mimi.

Kipimo hakina ubaya. Jacobson na Newman walikitoa 1990: maswali 25, ndiyo alama 4, jibu la katikati 2, hapana 0, na 100 ndiyo hali mbaya kabisa. Ubaya ulikuwa mimi na laptop yangu saa nane za usiku.

Jibu la katikati, "sometimes" kwa Kiingereza, nililiandika "mara nyingine". Bibi mmoja wa Mbagala akanitazama kwa huruma: "Haya mjukuu wangu, mara nyingine nikija nitakujibu." Nikacheka. Kumbe nilitakiwa nilie.

Swali la nne linauliza kama kupita kati ya rafu za supamaketi kunazidisha tatizo. Mama muuza mboga akajibu hapana. Sifuri! Wanaondoka, binti yake ananinong'oneza kwamba mama kaacha kwenda Kariakoo tangu Ramadhani, akiingia kwenye msongamano anashikilia meza za watu asianguke. Supamaketi hajawahi kukanyaga, angejibu nini? Na hilo neno "kizunguzungu" lenyewe usiliamini: mmoja anamaanisha njaa, mwingine giza la machoni akiinuka, mwingine nyumba inazunguka akigeuka kitandani.

Wagonjwa 60 wa tasnifu yangu niliwakusanya hivyo. Mtahini akauliza kitu kimoja: tafsiri hii ilijaribiwa kwa nani? Nikatazama feni. Miezi saba, nauli na fotokopi, vyote viko chini ya kitanda changu hadi leo. Na yule mtaalamu wa takwimu aliyenipa moyo, "Kiswahili si ndiyo lugha yetu bwana, unahangaika nini?", simu zangu hapokei tena. Pesa yake alishakula.

Sasa sikia. Wawili watafsiri, kila mtu kivyake. Wa tatu arudishe Kiingereza bila kuona ya awali. Kisha, na hapa nakushika shati, kaa na wagonjwa kumi, soma swali, kila mmoja akueleze kwa maneno yake ameelewa nini. Akieleza kingine, swali ndilo bovu, si yeye. Kabla ya hapo usichape hata karatasi moja.

Baadaye nilimsomea yule mama swali la nne upya, safari hii nikisema sokoni, kati ya meza za wauzaji. Alijibu ndiyo kabla sijamaliza.